Barua ya wazi: Waliokufa kwa njaa ya Majimaji nao wahesabiwe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia.
Nakala: Makumbusho ya Taifa la Tanzania, Taasisi ya Elimu Tanzania.

YAH: NJAA ILIYOFUATA VITA VYA MAJIMAJI KATIKA VITABU, MAKUMBUSHO NA HIFADHI ZETU

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima kutoka Songea, mji uliopewa jina la mtu aliyenyongwa. Nimefundisha historia kwa miaka 34 hadi nilipostaafu, na miaka 22 kati ya hiyo nilikuwa hapahapa. Kila ilipofika tarehe 27 Februari niliwapanga wanafunzi wangu mstari, tukashuka hadi Makumbusho ya Majimaji. Walisimama juani mbele ya kaburi la halaiki, wakalisikia gwaride, wakawaona viongozi wakiweka mashada, silaha za jadi na maua. Nimelia pale zaidi ya mara moja, na sioni haya kulisema.

Mwaka mmoja tuliporudi darasani niliuliza swali ambalo sikulipanga: vita vya Majimaji viliua watu wangapi? Kijana aliyekaa dawati la mbele alijibu papo hapo, "Sitini na saba, mwalimu." Darasa zima likaitikia kwamba ndivyo.

Nilibaki nimeshika chaki. Yule kijana hakukosea kwa uvivu. Sitini na saba ndiyo hesabu aliyoisikia tangu darasa la tatu, hesabu ya mashujaa walionyongwa hapa Songea mwaka 1906, na ndiyo inayotajwa kila mwaka kwenye kipaza sauti. Nikaandika ubaoni 75,000, makadirio ya Wajerumani wenyewe. Chini yake nikaandika 300,000, kiwango cha juu cha makadirio ya mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyeketi na wazee wa Umatumbi na Ungindo miaka ya 1960. Halafu nikaandika 15, idadi ya Wazungu waliokufa upande wa Wajerumani. Wanafunzi walizitazama zile namba, msichana mmoja akauliza, "Sasa hao wengine walizikwa wapi?"

Swali lake ndilo linaloniandikisha barua hii. Wengi wa hao wengine hawakufa kwa risasi wala kwa kitanzi. Walikufa kwa njaa, na njaa hiyo ilipangwa.

Mimi ni Mngindo wa Liwale. Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka 1991, na mama yake alikuwa msichana mdogo vita vilipoanza. Bibi hakuwahi kunisimulia habari za Kinjikitile, mganga aliyewagawia watu maji ya kuwakinga na risasi. Jina hilo nililikuta shuleni. Alichonisimulia, tena kwa mikono kuliko kwa mdomo, ni ndiga. Kiazi hiki cha porini ukikila kama kilivyo kinakuua. Bibi alikichimba mwenyewe kwa mchokoo, akakimenya, akakikata vipande vyembamba kama kucha, akavitia kwenye kapu na kulifunga kapu kwenye mzizi wa mti katika maji yanayotiririka. Siku ya kwanza hupiti kuangalia. Siku ya tatu unaonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Uchungu ukiisha unaanika, unatwanga, unasonga ugali mweusi unaonata kwenye meno. Nyumbani hatukuwa na shida ya chakula. Mahindi yalikuwepo, na muhogo ulikuwepo. Alitufundisha kila kiangazi, wajukuu wote, wa kike na wa kiume, na aliyevuta kapu kabla ya siku alichapwa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mama yake alikuwa na wadogo zake wanne, na wawili kati yao walikula ndiga ya siku moja kwa sababu njaa haikuweza kungoja.

Hayo ndiyo Majimaji yaliyofika nyumbani kwetu. Na ming'oko inayouzwa leo kwa mafungu kwenye vituo vya mabasi vya Lindi na Mtwara, inayotafunwa na wasafiri kwa chumvi na pilipili, wazee wa kwetu waliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la daktari aliyemwokolea mtoto.

Njaa ile ilitokaje? Vita vilianza Julai 1905 kule Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima kwenye mashamba ya jumbe. Kufikia Agosti moto ulikuwa umeenea. Boma la Liwale lilichomwa, na tarehe 30 Agosti maelfu waliivamia boma ya Mahenge na kukatwa kama nyasi na bunduki za rasharasha. Baada ya hapo wapiganaji hawakukusanyika tena uwanjani. Waliingia porini, na Wajerumani hawakuwa na askari wa kutosha kuwafuata. Ndipo ofisa mmoja, Kapteni Wangenheim, alipomwandikia Gavana von Götzen kwamba mapigano peke yake hayatamaliza kitu, na kwamba njaa na ufukara ndivyo vitakavyowafanya watu wasalimu amri. Ushauri ukafuatwa. Vikosi vilichoma vijiji, vikamwaga au kubeba nafaka ya ghalani, vikafyeka mtama uliokuwa shambani, vikawazuia watu kupanda mvua ziliponyesha. Wanawake na watoto walikamatwa ili waume zao watoke mafichoni. Watu walikula mbegu, na mwaka uliofuata hawakuwa na cha kupanda. Watafiti waliokwenda Ulanga miaka ya 1930 waliamini kwamba, miaka thelathini baadaye, bado ile njaa ilikuwa imepunguza uzazi wa wanawake waliosalia kwa zaidi ya robo.

Haya yote yamo katika vitabu vya wanahistoria. Hayamo katika vichwa vya watoto wetu, na hilo lina sababu zake.

Kila serikali iliyopita katika nchi hii imeyatumia Majimaji kwa kadiri ya haja yake. Götzen alirudi kwao, akaandika kitabu kuhusu vita, na lawama kubwa akaitupia imani ya maji na waganga wake. Alikuwa na haja ya kusema hivyo, maana kule kwao wabunge walikuwa wameanza kuuliza ni pamba gani na kodi gani iliyowasha moto ule. Waingereza waliotutawala baada yake nao walijua thamani ya shujaa aliyekufa. Mwaka 1954, mwaka huohuo TANU ilipozaliwa, Gavana Edward Twining alikileta Kalenga kichwa cha Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kutoka Bremen na kukikabidhi kwa sherehe kubwa. Kichwa hicho kilikuwa kimeandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919. Kwa miaka 35 hakikutafutwa kwa bidii, kikapatikana pale Gavana alipouhitaji sana utiifu wa Wahehe.

Kisha akaja Mwalimu Nyerere. Desemba 1956, mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa kule New York, aliitaja Majimaji kama vita vya watu waliokataa kwamba mzungu ana haki ya kuwatawala, watu walioitikia wito wa roho zao wenyewe. Kila ninapoyasoma maneno yale nywele hunisimama. Huku kusini TANU ilikuwa na kazi ngumu kuliko kwingine, maana wazee waliwauliza wale vijana wa chama: mnatuletea tena Majimaji? Walikumbuka njaa. Mwalimu alilazimika kuwahakikishia kwamba safari hii hakuna damu itakayomwagika. Zingatieni jambo hilo, Waheshimiwa. Hofu iliyowafanya wazee wasite kuchukua kadi ya chama ilikuwa hofu ya njaa, na chama kikawashawishi waiweke kando. Kiliwashawishi kwa nia njema, na kilitimiza ahadi: uhuru tuliupata bila vita. Lakini tangu siku hiyo hofu ile haikupewa tena nafasi ya kusema ilichokiona.

Baada ya uhuru tulihitaji hadithi moja ya makabila zaidi ya mia na ishirini yenye lugha zao. Majimaji ilifaa kuliko vita vingine vyote, kwa sababu Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine walikunywa maji yaleyale. Simlaumu aliyeichagua hadithi hiyo. Nimeifundisha kwa moyo wangu wote, na ninaamini imesaidia kutufanya tuishi pamoja pale ambapo majirani zetu wameshindwa. Ninachosema ni kwamba hadithi ya umoja ina mahali pa mashujaa na haina mahali pa mama anayewazika watoto wawili kwa sababu ya kiazi. Shujaa hujengewa sanamu. Mama yule hana pa kusimama kwenye gwaride.

Hadithi ya umoja pia haina mahali pa watu waliopigana upande wa pili, na hapa naomba mnivumilie. Walioshika bunduki kule Mahenge walikuwa Waafrika kwa sehemu kubwa sana: askari kutoka Sudani na Msumbiji, na wengine wa papa hapa nchini. Pamoja nao walikuwepo rugaruga, wapiganaji wa kienyeji waliowasaidia Wajerumani. Kiwanga wa Wabena wa Kilombero alikuwa upande wa Wajerumani, na watu wa Merere wa Usangu vilevile. Kwa hesabu za Wajerumani, upande wao walikufa askari 73 na wasaidizi wa kienyeji 316, na hao 316 ni mababu wa Watanzania. Wangindo wa rika la bibi yangu waliwakumbuka Wangoni kwa jina la Mafiti, walioteka watu na kuchoma vijiji kabla Mjerumani hajafika. Na hata hivyo Omari Kinjala, aliyeyaleta maji Ungoni, alikuwa Mngindo. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika vita hivi: mtu wa watu waliotekwa alitembea hadi kwa waliowateka, akawapa kinga yake. Tunawanyima watoto wetu ukubwa wa tendo hilo tunapowaambia kwamba hapakuwa na uadui wowote kabla.

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, somo la Historia ya Tanzania na Maadili ni somo nililolitamani maisha yangu yote. Linafundishwa kwa Kiswahili na ni la lazima, kwa hiyo mtoto wa Liwale na mtoto wa Kagera wanasoma kitu kimoja. Ndiyo maana nina wasiwasi nalo. Swali la Majimaji katika mitihani yetu limekuwa lilelile tangu nilipokuwa mwanafunzi: eleza sababu za kushindwa kwa vita vya Majimaji. Majibu nayo ni yaleyale. Silaha duni, imani potofu katika maji, ukosefu wa uongozi wa pamoja. Yasomeni tena majibu hayo. Yote matatu yanamweka mshindwa kizimbani. Miaka michache kabla sijastaafu nilikaa na walimu wenzangu tukisahihisha mtihani wa pamoja wa shule kadhaa, nikakuta karatasi ya mwanafunzi aliyeandika, kwa mwandiko mbaya na Kiswahili kizuri, kwamba watu walishindwa kwa sababu Wajerumani walichoma chakula na watoto wakaanza kufa, na kwamba baba hawezi kupigana huku akisikia mtoto akilia. Mwongozo wa kusahihisha haukuwa na hoja hiyo. Nilibishana, nikashindwa, akapata sifuri kwenye kipengele hicho. Sijui ni mtoto wa nani. Ninaomba tu kwamba yeyote anayeandaa mwongozo mwingine ajue kuwa karatasi ile ilikuwa sahihi kuliko mwongozo.

Sasa niseme la ardhi, na hili ni lako, Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii, kwa sababu makumbusho na mapori vyote viko mezani kwako.

Nchi ya Wangindo ilikuwa na watu. Baada ya vita na njaa, mashamba yalirudi kuwa vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na tembo wakaja walikokuwa wakifukuzwa. Wajerumani walikuwa wameshatenga mapori ya wanyama kwenye bonde la Rufiji tangu 1896. Baada ya vita waliyapanua, maana aliyebaki wa kulalamika alikuwa mchache na mnyonge. Waingereza wakayaunganisha na kuyapa jina la Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa Beho Beho mwaka 1917. Miaka ya 1940, malale yakiwa ndiyo sababu iliyotolewa, maelfu ya watu wa Liwale walihamishwa na pori likapanuliwa tena juu ya vijiji vyao. Bibi yangu alikuwamo, amembeba mama yangu mgongoni. Mwaka 1982 pori hilo likaandikwa katika urithi wa dunia kwa sifa zake za asili. Mwaka 2019 sehemu kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Ninazipenda hifadhi zetu, na sidai kurudishiwa shamba. Lakini mjomba wangu, aliyekuwa mrina asali, alituambia alichokuta alipofuata nyuki ndani kabisa ya msitu: mwembe mkubwa umesimama peke yake katikati ya miombo, chini yake jiwe la kusagia limegeuzwa, uso wake chini. Jiwe la kusagia haligeuki lenyewe. Mwenyewe aliligeuza ili mvua isiliharibu, akijua atarudi. Mjomba hakuligusa. Kijarida cha kampuni moja ya utalii nilichokiona mezani kwa mgeni kiliieleza nchi hiyohiyo kuwa pori ambalo halijaguswa na mkono wa binadamu.

Hapo ndipo siasa ya taifa na biashara ya utalii zilipokutana bila hata mtu mmoja kukusudia. Historia rasmi ilichagua kitanzi cha Songea ikaiacha njaa ya Ungindo, na kwa kuwa njaa haikuandikwa, msitu ulioota juu yake ukaonekana haukuwahi kuwa na wenyewe. Mtalii anaweza kutua na ndege, akapiga picha za simba siku tatu, akaondoka bila kuambiwa kwamba Ngarambe, alikotoa maji Kinjikitile Ngwale, iko ukingoni mwa pori lilelile. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza. Hata kwa faida ya utalii peke yake hiyo ni hasara. Mgeni anayefika mbali hivyo anastahili kuambiwa amesimama juu ya nini.

Kuhusu Wajerumani nitasema kwa ufupi, maana wengi wameshasema. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikuja hapa Songea, akakutana na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu zetu, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea, mzee wa ukoo huo aliyenyongwa na ambaye mji huu una jina lake. Nilifurahi. Serikali yetu nayo, kupitia Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, ilikwishaliambia Bunge Februari 2017 kwamba itafuatilia fidia. Ninachoomba ni kuwa, mnapokaa nao mezani, msiende na fuvu moja tu mkononi. Ukoo wa Nduna una haki ya kumzika mzee wao mzima, na dunia inajua jina lake. Msichana aliyelelewa na kapu la ndiga hana fuvu lililopelekwa Berlin. Hana kitu chochote cha kudai arudishiwe, na mazungumzo ya kurejesha mifupa yatampita kando kama mlivyopita miaka yote kando yake.

Na huku Lindi ukitaja Ujerumani, wengi hukumbuka kwanza mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria. Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa mabegani mwa wapagazi hadi bandarini, na leo amesimama Berlin akiwa na kimo kinachozidi mita 13. Ameulizwa bungeni na atazidi kuulizwa, na ni haki. Ila waliomchimba walikuwa watu wa kusini waliotoka kuizika njaa miaka miwili mitatu nyuma yake. Nani amewahi kuulizia habari zao?

Basi naomba hivi. Kitabu cha mwanafunzi kiwe na sura inayoeleza jinsi njaa ilivyotumiwa kama silaha, na nani aliishauri, na nani aliiamuru, na iwe ni hoja inayopewa alama. Kitaje askari na rugaruga kwa utu, kwa sababu wajukuu wao wamo darasani. Mahojiano ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliyakusanya kwa wazee mwaka 1968 yatafsiriwe Kiswahili na kupelekwa shule za Liwale, Kilwa, Namtumbo, Malinyi na Ulanga. Wazee wale walisema kwa lugha zetu, maneno yao yakachapwa kwa Kiingereza, na katika shule zote nilizofundisha sikuyakuta hata katika maktaba moja.

Kwenye hifadhi, wekeni vibao. Siombi mnara. Kibao cha mbao chenye jina la kijiji, mwaka kilipoachwa na sababu ya kuachwa, pale ambapo wazee wanaweza bado kuonyesha. Askari wa wanyamapori wafundishwe majina hayo, wayaseme kwa wageni. Na familia zinazojua makaburi yao yalipo ziruhusiwe kuingia mara moja kwa mwaka, zikiongozana na askari, kufagia na kuomba dua. Hilo halihitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Linahitaji barua moja yenye saini.

Tarehe 27 Februari ibaki kama ilivyo, pamoja na gwaride lake. Ila baada ya kuwataja wale 67, na Nkomanile akiwamo, mwanamke aliyenyongwa pamoja na wanaume na ambaye bado watoto wengi hawamjui, atajwe pia kila aliyekufa njaa, kwa jina la nchi yake kama jina lake halijulikani. Umatumbi. Ungindo. Upogoro. Ungoni. Umwera. Ni kama nusu dakika.

Tangu nistaafu nimekuwa nikienda Liwale na daftari. Nimeongea na wazee kumi na mmoja, nimeandika majina ya vijiji, mito na miti ya matambiko iliyobaki ndani ya pori, na kando ya kila jina nimeandika nani alinitajia. Daftari hilo nitalileta popote mtakaponiambia, kwa nauli yangu. Kati ya wale kumi na mmoja, saba wameshatangulia. Wanne waliobaki wana akili timamu, na mkubwa wao anajua mwembe wa mjomba wangu uko upande gani wa mto. Masika yakianza barabara ya Liwale haipitiki, kwa hiyo kama mtatuma mtu, tafadhali afike kabla ya mvua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Songea